Simu ya puce moja, namba tatu mfukoni: nani ametumia ile adapta ya utepe?

Mwana_Katuba

Salamu kwa wote, wa Lubumbashi na wa mbali.

Nina Samsung Galaxy S5, ile ya nafasi moja ya puce (SIM kadi). Sina haja ya kuibadilisha: kioo kizima, betri nimeweka mpya, picha inapiga vizuri. Shida ni namba. Ya Vodacom ndiyo wateja wananilipia kwa M-Pesa. Ya Airtel familia yote wanaijua tangu enzi za Celtel. Halafu kuna ya Zambia, ninayoihitaji kila nikishuka Kasumbalesa, pale mpakani, kuchukua bidhaa. Kila mara nafungua mfuniko, natoa betri, natoa puce, naweka nyingine, nasubiri simu iwake. Siku nyingine nafanya hivyo mbele ya mteja.

Sasa kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kuna kijana anauza kiutepe chembamba chenye vikalio viwili vya puce. Anasema unaweka puce mbili na simu yako inageuka kuwa ya puce mbili. Ni kweli? Zote mbili zinaita? Na pesa ya M-Pesa haitapotea humo? Tafadhali msiniambie ninunue simu mpya.

Yaya_Ruashi

Nunua simu mpya.

Mwana_Katuba

Asante yaya, Mungu akubariki.

Fundi_Kamalondo

Hahaha. Mwana Katuba, swali lako linaletwa mezani kwangu mara nyingi, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu kidogo.

Kiutepe hicho kipo na kinafanya kazi. Ila hakifanyi kile anachosema muuzaji. Simu yako ina redio moja, na redio hiyo huingia kwenye mtandao kwa utambulisho mmoja tu, ule ulio ndani ya puce. Puce ina namba yake ya utambulisho (wataalamu wanaiita IMSI) na ufunguo wa siri ambao haiutoi nje hata siku moja. Mtandao unatuma tarakimu za kubahatisha, puce inazipigia hesabu kwa ule ufunguo, jibu linarudi, mtandao unasema sawa, ingia. Simu ni mjumbe tu kati yao.

Adapta basi ni swichi. Kuna kichipu kidogo kwenye ule utepe kinachoamua ni puce ipi iunganishwe na vile vipini vya simu vinavyogusa puce. Ni moja au nyingine, si zote kwa pamoja. Ile isiyounganishwa imelala kabisa, na mtu akiipiga ataambiwa haipatikani. Kwa hiyo jibu la "zote mbili zinaita?" ni hapana.

Namna ya kugeuza inategemea aina. Za zamani unazima simu, unawasha, na kila ukiwasha inahamia puce ya pili. Nyingine zinaongeza menyu ndani ya ile programu ya SIM Toolkit: unachagua namba, mtandao unapotea, simu inatafuta upya, inashika. Ukiwa umekaa nyumbani si kitu. Ukiwa na mteja amesimama, utaona ni muda.

Jambo moja watu wanalidharau: kabla ya kuweka puce kwenye adapta, ondoa PIN kwenye zote mbili. Simu ikiwaka itakuomba PIN bila kukuambia ni ya puce ipi. Unaweka ya Vodacom kumbe inauliza ya Airtel. Ukikosea mara 3 inadai PUK (ile namba ya kufungulia puce), na ukikosea PUK mara 10 puce hiyo imekufa, hakuna fundi wa kuifufua. Hapo ni kwenda kwenye ofisi ya mtandao na kitambulisho, kupanga mstari. Vilevile hamisha majina yote kutoka kwenye puce kwenda kwenye kumbukumbu ya simu, la sivyo ukigeuza namba nusu ya watu unaowajua wanapotea kwenye orodha.

Mama_wa_Mpaka

Fundi anasema kweli. Mi nafanya njia ya Kasumbalesa, niko na ile adapta kwa simu yangu, inanisaidia. Juu ukiwa Lubumbashi ile puce ya Zambia haina kazi, na ukivuka, ya huku inakula pesa bure. Moja kulala haiko shida.

Shida iko pale mpaka yenyewe. Haujavuka bado, simu imeshakamata mtandao wa ng'ambo, unapiga mara moja unité (salio ya kupiga) zimeisha. Ingia kwa réglage (mipangilio ya simu), weka kuchagua mtandao na mukono, usiache simu ichague yenyewe.

Na ingine, sikiliza sana. Andika namba zote na +243 ya Congo ao +260 ya Zambia. Airtel ya huku iko na 097, Airtel ya Zambia nayo iko na 097, na hesabu ya tarakimu ni sawa. Ukiandika 097 bila ya +, siku umegeuza puce simu inapigia mutu mwingine kabisa. Kuko dada moja wa soko yetu aliongea na baba wa Kitwe, kule Zambia, wakaulizana bei ya unga, wakapatana mpaka saa ya kupakiza, njo wakajua hawajuane.

Yaya_Ruashi

Mama, huyo baba wa Kitwe unga alileta au hakuleta?

Mama_wa_Mpaka

Acha mambo yako yaya.

Mwana_Katuba

Hii ya 097 nimeicheka lakini nimeenda kuangalia orodha yangu, hakuna hata namba moja yenye +. Kazi ya leo jioni.

Mama, kwa Zambia nimeelewa. Swali linabaki kwa Vodacom na Airtel. Hizo zote mbili nazitaka hewani hapa hapa mjini, mchana kutwa.

Mwanafunzi_Kasapa

Kuna njia ya kusaidia, na haitegemei ubora wa adapta: kuhamisha simu zinazoingia.

Weka puce ya Airtel hewani, halafu piga **62*, kisha namba yako ya Vodacom kwa +243, kisha #, bonyeza kupiga. Maana yake: "nisipopatikana, mpeleke mpigaji kwenye namba hii." Ukitaka kuhakikisha, *#62#. Ukitaka kufuta, ##62#. Halafu geuza puce, fanya vilevile kwa Vodacom kuelekea Airtel. Agizo hilo linakaa kwenye mitambo ya mtandao, halikai kwenye simu, kwa hiyo hata ukitoa puce ukaifunga kwenye karatasi linaendelea kufanya kazi. Puce yoyote iliyolala itawatuma wapigaji wake kwa ile iliyo macho.

Angalia usichanganye na **21*, hiyo inahamisha kila simu hata ukiwa unapatikana. Mtu akiiweka kwa bahati mbaya anabaki kujiuliza mbona simu yake haiiti tena. Ikishavurugika, ##002# inafuta uhamisho wote.

Fundi_Kamalondo

Vizuri kijana, lakini hujasema nani analipa.

Mpigaji analipa mpaka kwenye namba aliyopiga. Kutoka hapo kwenda namba ya pili, mwenye puce iliyolala ndiye analipa, na kwa kuwa ni mtandao mmoja kwenda mwingine, bei ni ya mtandao kwa mtandao. Kama hiyo puce haina unité, mpigaji anaambiwa haupatikani na hadithi imeishia hapo. Kuna pia mitandao isiyoruhusu uhamisho kwa puce za malipo ya kabla, ndiyo maana ile *#62# ni ya lazima: usiamini kimeingia mpaka mtandao wenyewe ukujibu. Na usithubutu kuhamisha namba ya Congo kwenda ya Zambia. Hiyo ni simu ya kimataifa unajipigia mwenyewe.

Kabini_ya_Kenya

Nimekaa kimya nasoma, sasa niingie kwa upande wa pesa, maana ndiyo kazi yangu.

Kwanza ondoa hofu moja: pesa haikai ndani ya puce. Salio la M-Pesa, la Airtel Money, la Orange Money, yote yako kwenye mitambo ya mtandao. Puce ikivunjika unapata nyingine ya namba ileile na salio lako liko palepale. Adapta haiwezi kula pesa.

Lakini huo uhamisho wa mwanafunzi unabeba sauti tu. Ujumbe mfupi hauhamishwi. Sasa piga picha: mteja amesimama mbele yako, amechukua mzigo, anasema nimetuma. Puce ya Vodacom imelala. Ujumbe wa kuthibitisha unasubiri kwenye mtandao mpaka puce iamke. Unaanza kugeuza, simu inatafuta mtandao, unapiga *1122# kuangalia salio, mistari ya menyu inakuja mmoja mmoja. Nyuma yake wawili wamechoka wameondoka. Au mbaya zaidi, mteja anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake yeye: "si unaona, imetoka." Ujumbe wa namna hiyo mtu anaweza kuuandika mwenyewe, akabandika jina lako na kiasi. Mzigo unaondoka, pesa haipo.

Kwa mfanyabiashara, puce ya pesa hailali saa za kazi. Hiyo mimi sijadiliani na mtu.

Mwana_Katuba

Hapo umenigusa. Kwa hiyo Vodacom inabaki macho daima, na Airtel ndiyo ya kulala?

Kabini_ya_Kenya

Ndiyo. Mama yako akikosa kukupata atapiga tena. Mteja hapigi tena.

Kijana_BelAir

Naomba kuuliza pembeni. Nimepata adapta ya zamani, inataka ukate puce ubaki na kile cha dhahabu tu. Nikate?

Fundi_Kamalondo

Usikate. Hizo zilitengenezwa wakati puce ni kubwa, milimita 25 kwa 15, na nafasi ya simu ni kubwa vilevile, kwa hiyo njia pekee ya kuingiza mbili ilikuwa kukwangua plastiki ukabaki na chipu mbili tupu ubavuni kwa ubavu. Ukipitisha mkasi ndani ya dhahabu kidogo tu, umekata nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye chipu kwenda kwenye vibati. Kwa macho inaonekana nzima, kwenye simu haisomeki.

Puce za siku hizi zinakuja zimekatwa tayari kwa vipimo vitatu, unabonyeza kwa kidole tu. Kama yako ni ya zamani, nenda ofisini wakubadilishie, namba inabaki. Na usiende kwa mtu wa mashine ya kukatia akufanyie nano kutoka kwenye puce kubwa ya kale: nano ina unene wa milimita 0.67 na zile za kale 0.76. Tofauti hiyo ni ndogo lakini kwenye trei nyembamba inakwama, ukivuta inatoka na vipini.

Na hapa niseme neno kwa Mwana Katuba. S5 inatumia puce ya kati, micro. Kama umeweka nano ndani ya fremu ya plastiki ili ienee, usiingize ile fremu tupu hata kwa kujaribu. Ndani ya nafasi kuna vijispringi vidogo vilivyoinuka. Fremu ikipita bila puce, vinaingia kwenye lile tundu, ukivuta kurudi nyuma vinapinda au vinang'oka. Simu nyingi zinazofika kwangu zikiandika "hakuna SIM" hazina ugonjwa mwingine. Ninazifungua chini ya taa, naona kipini kimoja kimelala kwa ubavu. Kama hakijakatika nakiinua kwa sindano, kama kimekatika ni kubadilisha kikalio chote. Wewe unayetoa na kuingiza kila siku uko kwenye njia hiyo hiyo, adapta au bila adapta.

Yaya_Ruashi

Kuna jamaa aliniambia kuna puce moja inabeba namba kumi na zaidi. Unachoma namba zako zote ndani yake. Hiyo si ingemaliza maneno haya?

Mwanafunzi_Kasapa

Hiyo ilikuwepo kweli, yaya, lakini ni kunakili puce. Mitandao ya mwanzo mingi ilitumia hesabu iitwayo COMP128, na mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukiiuliza puce maswali mengi sana mfululizo, unaweza kukisia ule ufunguo wa siri. Ndipo wauzaji wakaleta kadi tupu za kuandikia. Baadaye mitandao ikahamia kwenye hesabu nyingine, na njia hiyo ikaziba. Puce unayonunua leo haitoi ufunguo, na kuilazimisha kwa maswali kunaweza kuiua kabisa. Tena puce imeandikishwa kwa jina lako. Mtu akikuambia akunakilie, anaweza kubaki na nakala ya namba yako ya pesa. Mimi nisingempa.

iPhone_Kampemba

Mimi nina iPhone iliyotoka Marekani. Nilipotoa puce nikakuta chini yake kikaratasi chembamba chenye chipu. Hiyo ndiyo adapta ya puce mbili? Naweza kuongeza ya pili?

Fundi_Kamalondo

Hapana, na usiipoteze! Hiyo ni R-SIM au ndugu zake. Simu yako imefungwa kwa mtandao wa huko ilikotoka, na hicho kikaratasi kinakaa kati ya puce na simu kuidanganya ikubali puce ya hapa. Ukikitoa, simu itakataa mtandao. Zinafanana kwa macho na adapta za puce mbili, hata wauzaji wengine wanazichanganya. Na kinyume chake ni kweli pia: adapta ya puce mbili haifungui simu iliyofungwa. Kama simu inakubali mtandao mmoja tu, itakubali mmoja hata uweke vikalio vitano.

Mwanafunzi_Kasapa

Kuna kifaa kingine sijaona mtu akikitaja. Ni kijisanduku chenye redio yake, betri yake na IMEI yake (namba ya utambulisho wa kifaa), unaweka puce ya pili humo na kinaongea na simu yako kwa Bluetooth. Hapo kweli namba zote mbili ziko hewani kwa wakati mmoja.

Fundi_Kamalondo

Kweli, na unakichaji, na unakibeba mfukoni. Hiyo ni simu ya tochi isiyo na tochi. Heri ununue ya tochi yenyewe.

Mwana_Katuba

Simu ya pili nilikuwa nayo, nikaiacha kwa sababu ya chaji. Umeme ukirudi usiku wa manane, nyumba nzima inagombania soketi moja.

Yaya_Ruashi

Simu ya tochi chaji inakaa wiki, ndugu. Na mngenisikia tangu mwanzo, simu ya kawaida ya puce mbili si ghali siku hizi, Tecno na itel zimejaa kila kona.

Fundi_Kamalondo

Yaya ana haki yake, ila nayo isisifiwe kupita kiasi. Nyingi ya hizo zina redio moja inayosikiliza puce mbili kwa zamu. Ukiwa unaongea kwenye moja, kwa kawaida ya pili haipatikani mpaka umalize. Tofauti na adapta ni kwamba zamu hizo ni za haraka mno, ukiwa huongei zote mbili zinaita. Wazo lenyewe si jipya, Wafini wa Benefon walitoa simu ya puce mbili mwaka 2000. Ukitaka kujua simu uliyoshika ni ya mbili au ya moja, piga *#06#. IMEI zikitoka mbili, kwa kawaida ina nafasi mbili hata kama muuzaji hajui.

Mama_wa_Mpaka

Mi niulize juu ya WhatsApp. Ya kwangu iko kwa namba ya Zambia, na puce iko imelala, na inafanya kazi. Ni sawa?

Mwanafunzi_Kasapa

Ni sawa kabisa, mama. WhatsApp inaihitaji puce wakati wa kuandikisha tu, kupokea ile namba ya kuthibitisha ya tarakimu 6. Baada ya hapo inatembea kwa intaneti ya puce yoyote au Wi-Fi. Na tangu mwaka 2023 WhatsApp ya Android inakubali akaunti mbili ndani ya programu moja, kwa hiyo Mwana Katuba anaweza kuwa na ya Vodacom na ya Airtel kwenye S5 ileile, mradi toleo lake la Android linaipokea.

Tahadhari moja: usiiache puce ilale miezi bila kuigusa. Mtandao unaweza kuifunga na namba ikauzwa kwa mwingine, naye akifungua WhatsApp kwa namba hiyo, akaunti inakwenda kwake. Iamshe mara kwa mara, piga hata simu fupi, weka unité kidogo.

Mwana_Katuba

Nimepata mpango, nihukumuni.

Vodacom inakaa kwenye S5, hailali. Kwenye adapta, nafasi ya pili ni ya Zambia, naigeuza nikifika Kasumbalesa tu. Airtel naiweka kwenye simu ya mke wangu, Tecno yake ina nafasi moja tupu. Wanaopiga Airtel ni mama, shangazi na wajomba wa Likasi, wote wanamjua. Sina uhamisho wa kulipia, sina simu ya tatu ya kuchaji.

Mama_wa_Mpaka

Baba, weye uko na roho nguvu. Namba yako yote kwa simu ya bibi yako?

Yaya_Ruashi

Huyu ni mtu safi au ni mtu hajafikiri vizuri.

Mwana_Katuba

Ni mtu asiye na siri, yaya 😂

Kabini_ya_Kenya

Kama kuna salio la Airtel Money kwenye hiyo puce, lihamishe au mwambie bibi namba ya siri. Vinginevyo mpango ni mzuri.

Fundi_Kamalondo

Mpango unakubalika. Mambo mawili ya S5 yako. Utepe utapita juu ya betri na puce ya pili italala hapo juu yake, kwa hiyo chagua adapta nyembamba kabisa, na ukifunga mfuniko bonyeza kingo zote. Simu hiyo ilitoka kiwandani na kinga ya maji ya IP67, inayotegemea ule mpira ulio ndani ya mfuniko. Utepe ukiinua mfuniko hata kidogo, kinga hiyo hauna tena. Mvua ikianza, simu mfukoni.

Ya pili, kabla hujamlipa kijana wa sokoni, mwambie aweke puce zako mbili palepale, geuza mara kadhaa, piga *1122# kwenye Vodacom uone menyu inafunguka. Adapta mbovu mara nyingi inaonyesha alama za mtandao vizuri tu, halafu inaanguka ukianza kuitumia. Akikataa kujaribu, mwachie kiutepe chake.

Mwana_Katuba

Jumamosi naenda sokoni. Nitaleta majibu hapa, pamoja na bei.

Mama_wa_Mpaka

Kwanza maliza kuandika zile +243.